Migogoro ya Ardhi Tanzania Bara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, na tumeigusa karibu na mwisho. Yanamlenga mtu mwenye kiwanja, shamba au nyumba yenye maneno, ambaye bado hajafungua kesi. Hayachukui nafasi ya wakili aliyekaa na nyaraka zako mezani. Wengi tunaowaona wakipoteza ardhi walikuwa na haki tangu mwanzo. Kilichowaponza ni kuchelewa, kwenda kwenye baraza lisilohusika, au kuamini karatasi yenye muhuri wa ofisi isiyo na mamlaka.

Kwa sheria, ardhi ni ya nani?

Ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wewe unamiliki haki ya kuitumia. Msingi uko katika Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Wapo wanaosikia hivyo wakadhani serikali inaweza kumtoa mtu bure tu kwa kuwa hana hati. Hapana. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika uamuzi uliotolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba hata jasho la kufyeka na kulima linaiongezea ardhi thamani. Mkulima ambaye hajawahi kuona hati maishani mwake analindwa na uamuzi huo.

Nitajuaje ardhi yangu ni ya aina gani, na kwa nini nijisumbue kujua?

Kuna makundi matatu: ardhi ya kijiji, ardhi ya hifadhi na ardhi ya jumla. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Ardhi ya hifadhi ni ya misitu, mbuga, hifadhi za barabara na maeneo mengine yaliyotengwa na sheria zake. Ardhi ya jumla ni ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, na miji mingi imo humo.

Jisumbue kujua, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuambia nani ana mamlaka ya kuigawa, karatasi gani inatambulika, na idhini ya nani ilihitajika wakati wa kuuziana. Taabu kubwa iko pembezoni mwa miji. Mtu alinunua shamba wakati eneo ni kijiji, miaka ikapita, kijiji kikageuka mtaa, mpango mji ukachorwa juu yake, na leo anaambiwa shamba lake ni viwanja kumi vya watu wengine. Uliza mambo mawili: leo eneo ni nini, na siku uliyonunua lilikuwa nini. Majibu yote mawili yatatakiwa mbele ya baraza.

Karatasi zipi zina nguvu?

Juu kabisa kwa ardhi iliyopimwa ni hati miliki, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila, na sheria inasema haki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila namna na ile inayotolewa na Kamishna wa Ardhi. Usikubali kuambiwa ni hati ya daraja la pili. Mijini, kwenye makazi yasiyopangwa, kuna leseni ya makazi. Inasaidia, ila ni ya muda mfupi, isiyozidi miaka 5 kwa mara moja, na lazima ihuishwe.

Barua ya toleo, ile ambayo kila mtu anaiita ofa, inaonyesha kwamba umegawiwa kiwanja kwa masharti. Watu wanakaa na ofa kabatini miaka 20 bila kuimalizia, halafu wanashangaa mwenzao ana hati ya kiwanja kilekile. Ukiwa nayo, ifuatilie hadi hati itoke.

Hati ya mauziano ni ushahidi kuwa mliuziana, basi. Kama aliyekuuzia hakuwa na kitu, nawe umenunua hewa, hata kama mashahidi walikuwa kumi. Pamoja na hayo iandikwe, kwa sababu makubaliano ya mdomo ya kuuziana ardhi yenye miliki hayatekelezeki mahakamani.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa amegonga muhuri kwenye mauziano. Si inatosha?

Haitoshi. Anachoweza kufanya mwenyekiti ni kukutambulisha, kueleza historia ya eneo na kuwa shahidi kwamba muuzaji anajulikana hapo. Muhuri wake hauhamishi umiliki. Mahali pengi kuna mazoea ya kudai asilimia 10 ya bei ili muhuri ugongwe, na hakuna sheria inayowapa viongozi wa mtaa asilimia hiyo. Heri fedha hiyo umpelekee wakili akuandikie mkataba unaoeleweka.

Nimenunua shamba kijijini moja kwa moja kwa mwenyewe. Sasa kijiji kinasema hakinitambui.

Kijiji kinaweza kuwa sahihi. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji hayana nguvu. Na kama ni kijiji chenyewe kilichokugawia, Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kugawa kabla Mkutano Mkuu wa kijiji haujaridhia. Mwenyekiti na mtendaji kukaa na mnunuzi chini ya mwembe wakapima ekari 30 siyo mkutano.

Karatasi ya kuitafuta hapa ni muhtasari: muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji ulioridhia mauzo, na kwa ardhi ya kugawiwa, muhtasari wa Mkutano Mkuu wenye mahudhurio. Kama ulinunua bila hivyo na hamjafika kwenye kesi, rudi kijijini uombe jambo lako lipelekwe kwenye kikao. Vijiji vingi vinakubali mgeni aliyejitokeza mapema akalima shamba lake. Anayejitokeza baada ya miaka 10 akiwa na trekta na polisi hupokewa vingine.

Kiwanja kimoja, watu wawili, kila mmoja ana karatasi zake. Nani mwenye haki?

Mahakama huanza na mwenye hati iliyosajiliwa. Yeye huchukuliwa kuwa mmiliki halali mpaka mwingine athibitishe kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Mzigo wa kuthibitisha ni wa yule anayeipinga.

Kama wote wawili mligawiwa na mamlaka ileile, kwa kawaida wa kwanza ndiye mwenye nguvu, kwa kuwa mamlaka haikuwa na kitu cha kumpa wa pili. Na kama nyote mlinunua kwa mtu mmoja asiye na hati, ni hivyohivyo: akishauza, hana tena cha kuuza. Tatizo ni kwamba tarehe kwenye karatasi za mkono hurudishwa nyuma kirahisi mno. Kwa hiyo baraza litatazama nani alianza kutumia eneo, nani analipa kodi ya pango la ardhi, majirani wanasema nini, na fedha zilipita wapi. Malipo ya benki yana tarehe ambayo hakuna anayeweza kuichezea, na ndiyo maana tunawasihi watu wasibebe mamilioni kwenye mfuko wa Rambo kwenda kununua kiwanja.

Aliyeuza mara mbili anaweza pia kushtakiwa kwa jinai. Ripoti polisi, ila kumbuka kwamba kesi ya jinai haitakurudishia kiwanja. Shauri la ardhi linaendeshwa peke yake.

Nifanye nini kabla sijalipa?

Kama kiwanja kina hati, nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi rasmi. Utaona mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio, yaani notisi kwenye rejista ya kuzuia ardhi isihamishwe. Fanya mwenyewe au mtume wakili wako. Karatasi ya upekuzi anayokuletea dalali usiitegemee. Kisha mchukue mpima aliyesajiliwa, muende na ramani ya upimaji hadi kwenye bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapima. Viwanja vingi vya utapeli vina hati halisi kabisa, ila unaonyeshwa ardhi tofauti na iliyoandikwa kwenye hati.

Zungumza na majirani bila muuzaji kuwepo. Uliza kama ana mke au mume, na kama ni mali ya urithi. Nenda pia siku ya mvua kama unaweza, maana bonde la mafuriko halionekani Agosti.

Mume wangu ameuza nyumba tunayoishi bila kuniambia. Nina haki gani?

Unayo, hata kama jina lako halimo kwenye hati. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu hichohicho kinakupa maslahi unayoweza kuyalinda kwa zuio, na akiuza kinyume chake unaweza kubaki na haki ya kuendelea kuishi humo. Sheria ya Ardhi nayo inadai ridhaa ya mwenza kwenye rehani ya nyumba ya ndoa, ndiyo maana benki hutaka saini yako.

Ukisikia fununu tu kwamba nyumba inatafutiwa mteja, usingoje kikao cha wazee. Kama ina hati, peleka zuio kwa Msajili wa Hati wiki hiyohiyo. Kikao kiendelee baadaye kwa amani, zuio likiwa tayari kwenye rejista.

Hili ni la wanunuzi pia. Muuzaji akisema "sijaoa", mtake aape mbele ya wakili na ayaandike. Kuna wanaume wengi makapera siku ya kuuza nyumba.

Tukiachana, nitapata sehemu ya nyumba wakati sikuwahi kuajiriwa?

Ndiyo. Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Haina maana kwamba kila kitu kinagawanywa nusu kwa nusu. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja, kwa hiyo peleka ushahidi: nani alisimamia mafundi, nani aliuza mihogo kununua mabati, nani alilipa ada ili mshahara wa mwenzake uende kwenye tofali. Mambo hayo yanaonekana madogo mpaka yanaposemwa mbele ya hakimu.

Kwetu mwanamke harithi wala kuuza ardhi ya ukoo. Sheria inasemaje?

Mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitupa nje kanuni ya kimila ya Wahaya iliyomkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo, kwa kuwa inabagua kinyume cha Katiba. Sheria za 1999 zikatilia mkazo: mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi, na mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo katika ardhi ya kijiji ni batili.

Huo ndio upande wa vitabu. Upande wa pili ni kwamba kikao cha ukoo hukaa, hugawa na huandika muhtasari kabla binti hajafika kutoka mjini kwa msiba. Muhtasari wa ukoo hauwezi kufuta haki yako, lakini ukikaa kimya nao kwa miaka mingi utakugharimu. Andika barua ya kupinga, ipokewe na kugongwa muhuri kwa mtendaji, ubaki na nakala.

Baba alifariki, kaka ndiye msimamizi wa mirathi, na sasa anauza mashamba kana kwamba ni yake.

Msimamizi wa mirathi hajarithi kila kitu kwa kuteuliwa kwake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawia warithi. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni mahakamani ndani ya miezi 4. Asipofanya hivyo, au akiuza kwa faida yake, nenda mahakama ileile iliyomteua ukapinge, na uombe aondolewe.

Kuna kosa la muda linalowaangusha wengi. Kama baba alikuwa kwenye shamba hadi anafariki na mtu wa nje akalivamia, kipindi cha kudai kinahesabiwa kuanzia siku ya kifo, wala hakisubiri mpate msimamizi. Familia hukaa miaka 13 zikibishana nani asimamie, zikija kuafikiana, mvamizi anasimama na kusema muda umepita. Naye anasikilizwa.

Nimekaa hapa zaidi ya miaka 12. Ardhi si yangu sasa?

Inategemea uliingiaje. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mtu miaka 12 kudai ardhi yake tangu aliponyang'anywa, na ikipita anaweza kukosa pa kusemea. Lakini aliyeingia kwa kukaribishwa, kwa kupangishwa au kwa kuazimwa shamba alime mahindi, hawezi kumgeuka mwenyeji wake, hata akikaa miaka 40. Anayetegemea miaka 12 lazima aonyeshe kwamba alikaa wazi, mfululizo, bila ruhusa, na akijifanya mwenyewe kama mmiliki dhidi ya mmiliki halisi. Ni vigumu kuliko watu wanavyosimuliana vijiweni. Huwezi pia kusema kwa pumzi moja kuwa ulinunua na kwamba ulivamia, na tumeona watu wakiharibu kesi nzuri ya ununuzi kwa kuongeza dai hilo.

Jirani amesogeza mpaka.

Kwa ardhi iliyopimwa, omba ofisi ya upimaji ya halmashauri irudishie bikoni. Kwa isiyopimwa, mashahidi wenu ni miti ya mipaka, minyaa, mkonge na wazee. Piga picha kabla haijang'olewa. Usimfuate na panga.

Nianzie wapi kufungua shauri?

Hapa ndipo watu hupoteza miaka, kwa sababu utaratibu umebadilika na mtaani bado wanaeleza ule wa zamani.

Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wasiopungua 3 wakiwa wanawake. Linasuluhisha tu. Juu yake kuna Baraza la Kata. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linaamua mashauri madogo, lakini mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo. Leo nalo linasuluhisha tu, ndani ya siku 30. Ukipewa leo "hukumu" ya Baraza la Kata inayokupa shamba, umepewa karatasi.

Lakini usiliruke. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza shauri mpaka upeleke cheti cha Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikiisha na kata haijafanya kitu, unaweza kuendelea bila cheti, ila lazima uonyeshe kwamba ulipeleka malalamiko, kwa hiyo tunza nakala iliyopokelewa.

Baraza la Wilaya linasikiliza madai ya kurudishiwa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na madai mengine ya ardhi yasiyozidi milioni 200. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Ukishindwa Baraza la Wilaya, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Anza kuomba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa.

Mambo mawili huua kesi mapema. Moja ni kutolieleza eneo: ukiandika "shamba lililoko Kisarawe" bila ukubwa, mipaka ya pande nne au namba ya kiwanja, shauri linaweza kutupwa, au ukashinda na hukumu isitekelezeke. Pili ni kufungua kwa jina lako mali ya marehemu wakati wewe siyo msimamizi wa mirathi.

Ninayegombana naye ni kijiji, halmashauri au wizara.

Utaratibu ni mwingine kabisa. Unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, na tangu mabadiliko ya mwaka 2020 hii inahusu serikali za mitaa pia. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye shauri, nalo linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa maneno mengine, mwanakijiji anayegombea ekari 2 na Halmashauri ya Kijiji chake anasafiri hadi Mahakama Kuu. Kwa maoni yetu sheria hii inamwelemea mnyonge, lakini ndiyo iliyopo, na ukiipuuza shauri linatupwa bila hata kusikilizwa.

Wamechora X kwenye nyumba yangu. Nitalipwa?

Tazama rangi. Kwa mazoea ya wasimamizi wa barabara, X nyekundu inamaanisha uliifuata barabara na utabomoa mwenyewe bila fidia. X ya kijani inamaanisha barabara imekufuata na unastahili kulipwa. Tofauti inatokana na upana wa hifadhi. Kanuni za mwaka 2009 ziliweka mita 60 kwa barabara kuu na za mikoa, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, wakati zamani ilikuwa 22.5. Aliyekuwa amejenga kihalali kwenye zile mita 7.5 zilizoongezwa ndiye wa kijani.

Rangi siyo neno la mwisho. Kama una ushahidi kwamba ulikuwepo kabla ya barabara au kabla ya upanuzi, uwasilishe kwa maandishi mapema.

Serikali inachukua ardhi yangu kwa mradi. Fidia inapaswa kuwa na nini ndani yake?

Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967 inaruhusu serikali kuchukua kwa manufaa ya umma, na Sheria ya Ardhi inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Ndani yake kunapaswa kuwa na thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake pamoja na mazao, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, posho ya usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na fidia ya kupotea kwa faida kama ulikuwa na biashara. Ardhi tupu isiyokaliwa haipati posho za makazi na usafiri.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabu miembe yako pamoja nao, soma fomu kabla ya kusaini, piga picha ya fomu. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, riba inaanza kuhesabiwa, na ikipita miaka 2 bila kulipwa, uthamini ule unapitwa na wakati na unatakiwa kufanywa upya. Vikundi vilivyokaa kimya baada ya kuthaminiwa husubiri muda mrefu kuliko vile vilivyoandika barua kila robo mwaka.

Nimeuziwa kiwanja ufukweni, karibu kabisa na maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Ukiona kiwanja cha bei nafuu chenye mandhari nzuri hivyo, pima kwanza.

Wafugaji wameingiza ng'ombe shambani, au wakulima wamelima kwenye njia ya mifugo. Nani yuko sahihi?

Bila mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, hakuna anayeweza kujibu kwa uhakika, na hapo ndipo damu humwagika. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa namna hii. Morogoro imeendelea kuonja machungu hayo, kwa sababu ni mkoa wenye maji na majani unaopokea mifugo iliyofukuzwa kwingine na mashamba yanayopanuka kwa pamoja.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji nafasi ya kutenga malisho, mashamba, njia za mifugo na vyanzo vya maji, na vijiji vinavyopakana vinaweza kuandaa mpango wa pamoja. Mpango ukishapitishwa na Mkutano Mkuu na kuwekwa alama uwandani, baraza lina kitu cha kushika. Ubaya ni kwamba mipango mingi hufanywa na wafadhili kwa wiki moja, ramani hubaki wilayani, na mfugaji aliyekuwa malishoni siku ya mkutano hajui kwamba mto aliozoea kunyweshea sasa ni eneo la bustani. Mpango ambao wafugaji hawakukaa mezani kuupanga hautazuia ugomvi.

Mazao yakiliwa: ita mtendaji na bwana shamba siku hiyohiyo wafanye tathmini, wahesabu eneo lililoharibiwa, waandike. Kukamata ng'ombe na kudai fedha papo kwa papo kumegeuza madai mengi halali kuwa kesi za jinai dhidi ya mkulima.

Ninalipa kodi ya majengo kwenye LUKU. Si ushahidi kwamba nyumba ni yangu?

Hapana. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye umeme, kwa hiyo hata mpangaji anaikatwa. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, hulipwa kila mwaka kwa jina la mmiliki, na risiti zake zina uzito zaidi. Hata zenyewe ni ushahidi wa kusaidia tu.

Niko nje ya nchi. Ndugu ananinunulia kwa jina lake. Kuna shida?

Kubwa. Kisheria kiwanja ni cha aliyeandikwa. Kama wewe ni raia wa Tanzania, mwandikie ndugu nguvu ya kisheria iliyothibitishwa, yaani hati ya kumruhusu atende kwa niaba yako (power of attorney), mauziano yawe kwa jina lako, na fedha ziende benki moja kwa moja kwa muuzaji. Kama si raia, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi kwa kawaida hakikuruhusu kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na kujificha nyuma ya jina la rafiki kunakuacha bila dai lolote siku mkikosana.

Zanzibar je?

Huko hutumika Sheria ya Ardhi Na. 12 ya 1992, na migogoro husikilizwa na Mahkama ya Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Migogoro mingi ya huko ina historia ya eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, hasa pale waliogawiwa au watoto wao wanapouza bila idhini. Mwanasheria wa Bara asikushauri kwa kukisia.

Sina fedha ya wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa huduma na wasaidizi wa kisheria wanaomhudumia bure asiye na uwezo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako wakuelekeze kwa aliyesajiliwa, au nenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Kiswahili ndiyo lugha ya mabaraza na mahakama, kwa hiyo unaweza kujieleza mwenyewe.

Ukienda, chukua nakala za kila karatasi, majina ya majirani wa pande nne, na ukurasa mmoja wenye tarehe: uliipata lini, ulianza kuitumia lini, ugomvi ulianza lini, umekwenda ofisi gani. Karatasi halisi ziache nyumbani, na usimwachie mtu yeyote anayekuahidi kuifuatilia hati kwa niaba yako bila kukuandikia kwamba ameipokea.